Tujipimie Wenyewe: Hesabu ya Shamba na ya Zizi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama na wenyeji, Baraka)



Halmashauri ya chama imetuomba tuseme leo juu ya hesabu ya shamba na mifugo. Wengine wameuliza: makarani wa machimbo wana habari gani ya mihogo na mbuzi? Jibu letu ni fupi. Kazi yetu machimboni ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Watu wangapi waliingia shimoni, masaa mangapi, mafuta ya pampu lita ngapi, na jioni dhahabu gramu ngapi. Hakuna mwenye shimo atakayekubali kuchimba miezi sita bila kujua kama shimo lamlisha au lamla. Lakini mtu huyo huyo akirudi nyumbani, ukamwuliza shamba la mkewe limezaa kiasi gani, atakujibu: "Si haba." Ukimwuliza mbuzi wa baba yake, atakujibu vile vile: "Si haba."

Wandugu, "si haba" si hesabu. Na asiyekuwa na hesabu hupimiwa na mwingine. Hilo ndilo neno letu la leo.

WALIOTUPIMA

Kupimwa si jambo geni kwetu. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kilimo cha lazima. Mwaka 1933 sheria nyingine ikasema kila mwanamume wa kijijini aweza kutozwa kazi hiyo mpaka siku 60 kwa mwaka. Wazee wetu wakumbuka habari zake: kapita alikuja na kamba, akapima ari za shamba, akaandika katika kitabu chake. Aliyepungukiwa alilipa faini au alikwenda gerezani. Siku ya kuuza pamba, mizani ilikuwa ya mnunuzi, bei ilikuwa imekwisha kupangwa, na kitabu kilirudi ofisini. Hapakuwa na mstari hata mmoja katika kitabu kile ulioandika mkulima alichoka siku ngapi na alipata nini kwa kila siku.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, watu waliitupa kamba ya kapita pamoja na kiboko chake, na nani awalaumu? Ila kwa kuitupa kamba, tulitupa na kipimo. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yagawiwe wananchi. Mashamba mengi yalikabidhiwa watu waliokuwa na jina kubwa bila daftari lolote. Mahali pengi mifugo ilichinjwa, mitambo ikauzwa vipande vipande, na baada ya miaka michache hapakubaki kitu. Kisha vita vya mwaka 1996 vikaja. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa, wakakaa kambi ya Nyarugusu na nyinginezo kule Kigoma. Huko unga ulipimwa kwa gramu, kichwa kwa kichwa, na aliyeupima hakuwa sisi. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Tulirudi na majembe na mbegu tulizopewa. Daftari hatukupewa, wala hatukuliomba.

MIZANI YA MWANZA

Yafaa tutazame jirani zetu. Katika miaka ya 1950, kule Mwanza na Usukuma, wakulima wa pamba walikuwa na neno moja la uchungu: mizani ya wanunuzi iliwaibia. Hawakuanza kwa kuchoma ghala wala kwa kupiga mtu. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wao waliojua kusoma namba, wakasimama penye mizani siku za kuuza. Bwana Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wao. Kutoka kwenye mizani ile vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa chama kikuu, Victoria Federation of Co-operative Unions. Ilipofika mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, pamba ya jimbo lile ilikuwa ikipita katika mikono ya vyama hivyo. Bwana Bomani mwenyewe akawa waziri.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana gazeti la chama halifai kuwa kioo cha kujipamba. Baadaye vyama vingi vya ushirika vya Tanzania viliharibika. Mahesabu yalifichwa, madeni yakaongezeka, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu. Mizani ilikuwa imetoka kwa mnunuzi ikaingia kwa karani, na mkulima akabaki pale pale. Kwa hiyo haitoshi mizani kuwa yetu. Sharti hesabu isomwe kwa sauti, mbele ya wenye mihogo.

TUPIME NINI?

Watu wengi wadhani kupima shamba ni kujua kilo ngapi zimetoka katika hektari. Hicho ni kipimo kimoja, na wataalamu wakipenda sana. Hesabu za dunia zaonyesha kwamba Kongo hupata, kwa wastani, karibu tani 8 za mihogo mibichi katika hektari moja, na mashamba ya majaribio hupita tani 20. Ni vizuri kujua. Lakini tujiulize: hapa Fizi twapungukiwa na nini zaidi? Katika vijiji vingi ardhi ipo. Watu ndio wamepungua. Vijana wako machimboni, wengine wako ziwani, na shamba limeachiwa mama na watoto. Kitu kilicho haba ndicho kipimwe kwanza. Basi kipimo chetu kiwe siku moja ya kazi ya mama: imezaa kilo ngapi?

Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mwaweza kuirudia nyumbani kwa namba zenu. Chukua kamba ya meta 10. Meta 10 kwa meta 10 ni ari moja. Shamba la mfano wetu lina ari 25. Mama amefyeka na kulima siku 35, amepanda siku 10, amepalilia siku 30. Kung'oa, kubeba, kumenya, kuloweka na kuanika kumekula siku 45. Jumla ni siku 120. Ameng'oa kilo 2,000 za mihogo mibichi, ambayo ni ule wastani wa Kongo. Ikikauka yapungua mpaka theluthi moja au chini yake. Tuseme amepata kilo 600 mikavu. Gawa 600 kwa 120: ni kilo 5 kwa siku. Huo ndio mshahara wake. Zidisha kwa bei ya soko la wiki hii, utajua siku moja ya jasho lake ni franga ngapi, na utaweza kulinganisha na kibarua cha mjini.

Sasa tuseme mwaka wa pili amepanda mbegu safi. Ninyi mwaujua ugonjwa wa mozaiki, majani hujikunja na kuwa na madoa ya manjano. Huenezwa na nzi weupe wadogo, lakini mwenezaji mkubwa ni sisi wenyewe, tukikata vijiti kwenye shina lenye ugonjwa na kuvipanda tena. Kituo cha INERA kule Mulungu kimetoa mbegu zinazovumilia ugonjwa huu, na Sawasawa ni mojawapo iliyoenea Kivu. Tena mama amepalilia mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, maana wakati huo ndipo majani mabaya huidhuru mihogo zaidi. Palizi ya kuchelewa ni jasho lililotupwa. Amepata kilo 3,000 mibichi, yaani 900 mikavu. Siku za kulima ni zile zile 75, lakini siku za kung'oa, kubeba na kumenya zimepanda kutoka 45 mpaka 65, kwa kuwa mzigo ni mkubwa. Jumla siku 140. Gawa 900 kwa 140: ni kilo 6 na nusu kasoro kidogo.

Angalieni vizuri hapa. Mavuno yameongezeka kwa nusu nzima, lakini mshahara wa mama haukuongezeka hata theluthi. Nusu ile imekwenda wapi? Imekwenda mgongoni. Mtu mwenye kipimo cha hektari peke yake angeshangilia na kulala. Mwenye kipimo cha siku aona kwamba ugonjwa wa pili wa shamba hili ni kubeba. Mihogo mibichi yabebwa kutoka bondeni mpaka nyumbani, na zaidi ya theluthi mbili za mzigo ule ni maji yatakayokauka na maganda yatakayotupwa. Kama majirani wakikubaliana kuimenya, kuiloweka na kuianika karibu na shamba, na kuchangia baiskeli moja ya kubebea, wakaokoa siku 25, basi 900 kwa siku 115 ni karibu kilo 8. Mbegu imefanya kazi yake, baiskeli imefanya kazi yake, na daftari ndilo lililoonyesha franga ya pili iwekwe wapi.

Hata hivyo kuna siku ambazo haziruhusiwi kuokolewa. Mihogo michungu ina sumu, na siku za kuloweka ndizo ziitoazo. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo huko Kwango, unaopooza miguu ya watu mara moja na usiopona. Mpaka miaka yetu hii Kahemba imeendelea kuwa na watoto na mama waliopoozeshwa, mahali ambapo watu walikula mihogo iliyolowekwa siku chache kwa sababu ya njaa au haraka ya soko. Faida iliyopatikana kwa kukata siku za maji ni faida ya kununua fimbo ya kutembelea. Mihogo ilowekwe siku tatu au nne mpaka ilainike, na hesabu ifanywe juu ya siku zilizobaki.

Tena tuitazame mizani ya sokoni. Mnunuzi akikuibia sehemu moja ya kumi katika zile kilo 900, amechukua kilo 90. Kwa mshahara wa kilo 6 na nusu kwa siku, hizo ni siku 14. Wiki mbili za mama zimeliwa kwa dakika tano, na hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa hakuna aliyejua. Machimboni twaijua hila hii, maana tumeona dhahabu ikipimwa kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Dawa yake ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jaza bidoni ya lita 20, ipeleke penye mizani: sharti isome kilo 20 na uzito wa bidoni tupu, ambao haufiki kilo 2. Ikisoma 17, hapana haja ya matusi. Chukua mzigo wako, nenda kwa mwingine, na wajulishe wenzako.

HESABU YA ZIZI

Juu ya mifugo, kosa letu ni kuhesabu vichwa vilivyosimama na kusahau vilivyoanguka. Mtu mwenye mbuzi majike 10 ajisifu kwamba wamezaa vitoto 16. Tumwulize: vingapi vimekua? Kumbe 9 wamekufa, mmoja ameibiwa, wamebaki 6. Majike kumi wamelishwa na kulindwa mwaka mzima kwa ajili ya vitoto sita. Kipimo cha zizi ni hicho: kila jike limeleta vitoto vingapi vilivyofika umri wa kuuzwa.

Na vingi vya vifo hivyo vyaweza kuzuiwa. Mwaka 2012 Kongo ilipigwa na tauni ya mbuzi na kondoo: machozi, makamasi, vidonda mdomoni, kuharisha, kisha kufa kwa makundi. Chanjo yake ipo, na sindano moja humlinda mnyama kwa miaka. Katika mfano wetu, chanjo ikiokoa vitoto 5 tu, linganisha bei ya mbuzi watano na bei ya chanjo kwa zizi zima, kisha useme mwenyewe kama daktari wa mifugo ni ghali.

Kuku ni hivyo hivyo. Ugonjwa wa kideri hufagia kijiji kizima, na watu husema ni upepo. Si upepo. Iko chanjo inayovumilia joto, iitwayo I-2, ambayo kuku hudondoshewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Nguruwe nao wana homa yao, ambayo kwanza iliandikwa Kenya mwaka 1921. Kwetu hapa hakuna dawa wala chanjo ya kuitegemea. Kinga ni kuwafungia, kutowapa mabaki ya nyama ya nguruwe, na kutouza mgonjwa kwa jirani. Anayekimbilia kuuza nguruwe mgonjwa aokoa franga zake na kuua zizi la kijiji.

Kwa ng'ombe twasema kwa heshima, kwa kuwa ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni jina la mtu. Hatuwaambii wafugaji wauze mali yao. Twawaomba waandike jambo moja: kila jike lilizaa lini, na likazaa tena lini. Jike linalozaa kila mwaka na jike linalozaa kila miaka miwili hula majani sawasawa. Mwenye kuandika atajua lipi la kuuza, na hatauza lile jema siku ya shida kwa kubahatisha. Samadi nayo iandikwe, maana kilo moja ya samadi iliyofika kwenye maharagwe ni mali, na iliyobaki zizini ni inzi.

Hapo twafika penye jeraha. Milima ya Minembwe na Itombwe, Lulenge na Ngandja, imeona vijiji vya kila kabila vikiteketea, na tangu mwaka 2017 ng'ombe wengi sana wameporwa na mashamba mengi yameachwa. Wazee wajua kwamba wakati wa kiangazi mifugo ilishuka kutafuta majani, na ilikuwako desturi ya itulo, ambayo mfugaji aliitoa kwa wenye ardhi. Palikuwa na ugomvi hata zamani, lakini palikuwa na watu wa kukaa chini. Bunduki zilipoingia, kipimo kikapotea: ng'ombe akila ari mbili za mihogo, walipiza kijiji, kijiji kikiiba ng'ombe mmoja, walipiza kundi. Twasema waziwazi kwamba hakuna mbegu wala chanjo itakayoshinda hasara hiyo. Mzee wa wakulima na mzee wa wafugaji wakiingia pamoja shambani na kamba ya meta 10, wakahesabu mashina yaliyoliwa na kutaja bei yake, wamefanya kazi ya askari mia. Mwenye kudai ari mbili hulipwa ari mbili, na jua likazama bila maiti.

GHARAMA ZA NJIANI

Kuna gharama nyingine isiyoonekana shambani. Mwaka 2017 watafiti walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, wakakuta mamia kwa mamia. Gunia la unga likitoka kijijini kuja Baraka au kupanda Misisi, hulipa hapa na pale, kwa mwenye karatasi na asiye na karatasi. Kila malipo yaandikwe: tarehe, mahali, kiasi. Majina yasiandikwe, kwa usalama wa mwandikaji. Chama kikienda mbele ya mkuu wa teritwari na kusema "watu wateseka", ataitikia kwa kichwa. Kikienda na karatasi inayosema kwamba katika magunia kumi, gunia moja na nusu limeishia njiani, itambidi ajibu.

TWAPENDEKEZA NINI?

Kwanza, kila tawi la chama liwe na kamba moja ya meta 10, mizani moja, na daftari moja lenye safu nne: ari, siku za kazi, kilo, franga. Kwa zizi ziwe nne pia: waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa, gharama.

Pili, daftari lishikwe na mama mwenye kujua kusoma. Siku zinazohesabiwa ni zake, na hakuna atakayezihesabu kwa uaminifu kuliko yeye. Mahali ambapo mama hajui kusoma, mtoto wake aliye shuleni aandike, na mama asimamie.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu wote mara moja kwa mwezi. Daftari lisilosomwa hadharani lichukuliwe kuwa limekwisha kuibwa. Tumekwisha kuona yaliyowapata ndugu zetu wa Tanzania.

Nne, wafanyakazi wa machimbo tuchange bei ya mizani. Msiseme hii si kazi yetu. Bugali tunaokula Misisi ni wa mihogo hii, na kila kilo inayopotea bondeni huongezwa katika bei tunayolipa sisi. Tena dhahabu ina mwisho. Kule Kamituga watu walichimba tangu enzi ya Wabelgiji, na SOMINKI ilipovunjwa mwaka 1997, waliokuwa na shamba la maana walikula, na waliokuwa na kadi ya kazi peke yake walibaki wakiitazama kadi.

Wandugu, bendera tuliipata mwaka 1960. Lakini mtu asiyejua siku yake ya kazi ina thamani gani hupokea bei yoyote aambiwayo, hata kama bendera ya nchi yake yapepea juu ya soko. Mkutano ujao utakuwa baada ya mavuno. Halmashauri haitataka hotuba siku hiyo. Itataka kila tawi lisimame na kutaja namba zake nne, na atakayesema "si haba" ataombwa akae chini.

Uhuru na kazi.